Naomba ushauri: Malindi hadi Loiyangalani, tairi zitastahimili mawe yale?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Tuko kikundi cha magari manne hapa Malindi, na mwezi ujao tunataka kwenda Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Mchanga tumeuzoea, vilima vya Mambrui twavipanda tairi zikiwa zimepunguzwa upepo hadi psi 18, na ni nadra mtu kukwama. Linalotutia wasiwasi ni yale mawe meusi ya volkano baada ya South Horr, yenye makali kama vigae.

Mzozo wetu ni upepo. Mmoja ashikilia tupunguze kidogo, tairi libonyee juu ya jiwe badala ya kuchanika. Mwenzake asema ukipunguza, ubavu hufura nje ukakutana na jiwe, na ubavu ukishapasuka fundi wa pancha hana la kukufanyia. Mimi naona wote wana hoja. Nyinyi mliopita huko mliweka ngapi, gari likiwa limesheheni maji na dizeli?

La pili ni njia. Ile ya Laisamis ilitengenezwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo, lakini vijana wanataka Maralal na Baragoi, eti ndiko kwenye utamu. Sasa mmoja wetu ana RAV4, tumbo liko chini na haina gia ya kutambaa (na kuiacha nyumbani hataki hata kusikia!). Bamba la chuma chini ya sampu (bakuli la oili ya injini) litamfikisha, au sote tupite Laisamis? Na spea mbili kila gari ni lazima, ama tutabeba uzito bure?