Coco Beach: kila "maboresho" ni vibanda tu, tusionunua kitu tukae wapi?

Wakuu heshima kwenu,

Niseme tu maana nimechoka. Ukisikia mtu anasema Coco, huu ufukwe wetu wa Dar, inaboreshwa ujue anamaanisha vibanda. Vibanda, paking, spika kubwa, imeisha hiyo. Sina ugomvi na wauza mihogo, kwa ile pilipili yao hata mimi hunitoi, ila jamani kuna watu tunakuja kukaa tu tuangalie maji bila kununua chochote na hiyo ni haki yetu.

Jumapili nimempeleka bi mkubwa, magoti yanamsumbua anatembelea mkongojo. Kutoka tulipopaki mpaka pa kuyaona maji vizuri ni mchanga mtupu, mkongojo unazama kila hatua, hata mbao za kukanyagia hakuna. Tumepata kivuli, hatujakaa sawa kijana kaja mbio, "mama samahani, viti vya wateja." Haya, tukaagiza soda ambazo hakuna aliyekuwa na kiu nazo. Bi mkubwa akataka choo, toa jero, ndani maji hakuna, pa kutundika mkoba hakuna, mama wa watu kaushika kwa meno!! Hivi anayepanga haya mambo ana mama kweli?

Sasa njoo kwenye ufukwe wenyewe, hapo ndo napandwa kabisa. Bamvua likija, yaani maji yakijaa kupita kawaida, mawimbi yanakwangua mchanga mizizi inabaki nje, halafu utasikia mtu anataka zege. Zege ukiliweka karibu na maji wimbi linagonga, linarudi na nguvu, linasomba mchanga wa mbele yake, yaani unalinda ukuta unapoteza ufukwe. Ule ukuta wa Barack Obama Drive uliokamilika 2018 naelewa, pale barabara ilikuwa inaliwa. Huku iacheni ile mimea inayotambaa ishike mchanga, pandeni mivinje nyuma yake, wekeni njia chache za kushukia watu wasikanyage kila mahali. Hiyo nayo inataka mfadhili?

Na sheria ipo. Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari haziruhusiwi. Chukueni futi kamba mkapime wenyewe halafu mrudi hapa tuongee.

Taka sisemi sana, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 ila chupa ziko pale pale, masika ikianza mto Msimbazi unamwaga baharini kila kitu cha mji. Pipa moja likijaa Jumamosi mchana ndo basi tena.

Kinachoniuma zaidi hela za kujenga vizuri zikitakiwa zinapatikana. Daraja la Tanzanite hilo hapo tangu 2022, zaidi ya kilomita moja juu ya bahari, na waenda kwa miguu wamewekewa njia yao. Kwa nini njia kama ile isiendelee kandokando ya maji mpaka Coco yote, pana, kiti mwendo kipite, na mabenchi ya bure yenye kivuli? Sijaomba hoteli mimi, nimeomba benchi!

Mwenye mchoro wa hayo maboresho ya Coco aushushe hapa tuhesabu mabenchi. Na nyie wa "si uende Kigamboni", msinifuate inboksi.