Difu ya nyuma inavuma: nitafute nyingine au nifungue hii?

Mzee wa Kokoto
Wakuu, habari za saa hizi. Gari ni forwili ya zamani ya kuingiza kwa mkono, ekseli ya nyuma nzima, breki za dramu. Ikifika kilomita 60 kwa saa inaanza kuvuma nyuma, 80 inakuwa mlio mwembamba kama mbu sikioni. Nikiachia mafuta unakatika, nikikanyaga unarudi. Nikitoa rivasi kwenda mbele kuna "ko!" huko chini. Fundi mmoja kasema beringi za magurudumu, mwingine kasema difu (gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu) imekwisha, na hakuna hata mmoja aliyeiendesha. Nimsikilize nani kabla sijatoa hela?

Tairi Kipara
Anza na tairi mkuu. Zikilika upande mmoja zinavuma hivyohivyo.

Spana 14
Tairi hubadili sauti barabara ikibadilika, hazijali mguu wako. Beringi ya gurudumu nayo haijali. Ukiyumbisha gari kushoto na kulia ndipo mlio wake hupanda au kushuka, kwa sababu uzito umehama. Mlio unaokuja na kukatika pamoja na mafuta, mkuu, mara nyingi ni meno ya kraun (gia kubwa ya difu) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha), au beringi za pinioni zimelegea hadi meno hayakutani pale yalipozoeana. Ile "ko!" usiihukumu bado, krosi (viungo) za propela, ile shafti inayoleta nguvu kwenye difu, zikifa hupiga vilevile.

Kabari magurudumu ya mbele, pandisha nyuma juu ya stendi (jeki peke yake hapana), gia nyutro, achia hendibreki. Shika flanji ya pinioni (pale propela inapofungwa kwenye difu) uivute na kuisukuma. Kuzunguka kidogo ni kawaida, huo ni mwanya wa meno. Kucheza kwenda mbele na nyuma si kawaida hata kidogo. Halafu mwaga oili, lakini kwanza fungua kizibo cha kujazia. Watu humwaga yote, kisha cha juu kinagoma na gari linabaki hapohapo. Kama kizibo cha chini kina sumaku, kiangalie: tope laini la kijivu ni uzee tu, vipande vinavyochoma kidole ni habari nyingine.

Mzee wa Kokoto
Shukrani mkuu. Krosi ziko imara. Flanji inacheza mbele na nyuma, naisikia kabisa mkononi. Oili imetoka nyeusi na kidogo, sumaku ina vipande vinavyong'aa, na sili ya pinioni (mpira wa kuzuia oili) imelowa. Sasa si nibadili beringi tu yaishe?

Spana 14
Haitaisha. Beringi mpya zitaondoa kule kucheza, lakini meno yameshasagana vibaya na mlio huwa unabaki. Kraun na pinioni hulinganishwa pamoja kiwandani na huuzwa kwa jozi, usikubali kuchanganyiwa. Kuzifunga kunataka shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha mwanya), saa ya kupimia mwanya kwa sehemu za milimita, na rangi ya kuonyesha meno yanagusana wapi. Fundi asiye na saa hiyo anabahatisha. Kwa gari la umri huo mimi ningetafuta difu nzima iliyotumika, hata kama saa ipo.

Ila angalia uwiano, yaani meno ya kraun kugawa kwa ya pinioni! Mbele ikiwa 4.1 na nyuma ukaweka 3.9, siku utakayoingiza forwili kwenye ardhi kavu ekseli zitavutana mpaka kitu kivunjike. Usiamini maneno ya muuzaji, hesabu meno: kraun 41 kwa pinioni 10 ni 4.1, 43 kwa 10 ni 4.3. Hesabu na mifereji ya hafu shafti (zinazotoka difu kwenda magurudumuni). Izungushe kwa mkono, mulika kila jino kwa tochi, ukiona kutu ya maji iache.

Kuifunga ni jasho tu. Tia alama propela na flanji kabla ya kufungua. Hafu shafti si lazima kuzitoa kabisa, zivute nje kiasi cha kuachia difu, ila paipu za breki na waya za hendibreki zitabidi zifunguliwe, na baadaye breki zitolewe hewa. Difu ni nzito, ipokee kwa jeki, si kwa kifua. Weka sili mpya za hafu shafti, maana oili ikivuja huko inalowesha breki. Na safisha pumulio la ekseli (kitundu cha kutolea hewa): likiziba, hewa ya moto inasukuma oili kupita kwenye sili. Nashuku ugonjwa wako ulianzia hapo.

Oili ya gia ya daraja la GL-5, uzito kama kitabu cha gari kinavyosema, gari likiwa limesimama sawa, mpaka ichungulie tunduni.

Tairi Kipara
Na akiuziwa ya LSD (ile inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure) bila kujua?

Spana 14
Swali zuri. Ikishafungwa, magurudumu yote mawili ya nyuma yakiwa hewani na gia imeingizwa, zungusha moja. Lingine likienda kinyume kwa urahisi, ni ya kawaida. Likigoma, ni LSD, basi itie oili ya LSD, la sivyo itakwaruza na kutetemeka kila kona.