Walimu wa Kijerumani mnaokaririsha "mwendo ni akusativi", mnatupotezea muda na hela!

Wakuu habari za usiku, nina hasira na leo nayasema yote. Najiandaa na mtihani wa Kijerumani ngazi ya B1 ili niende Ujerumani kusomea unesi, nimelipa ada ya kozi hapa Dar miezi mitano mfululizo, nauli juu yangu, kumbe kanuni niliyokaririshwa tangu A1, ngazi ya kwanza kabisa, ni nusu kanuni!

Ticha alituandikia ubaoni: kuna mwendo weka akusativi (ile der mbele ya nomino inakuwa den), pametulia weka dativi (inakuwa dem), kariri vile vihusishi tisa (an, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor, zwischen) tukutane kesho. Tukakariri kama kasuku. Juzi kwenye mtihani wa majaribio nikataka kusema watoto wanakimbia bustanini, wako humo humo wanacheza, nikajiambia kukimbia si ndo mwendo, nikaandika "Die Kinder laufen in den Park". Kalamu nyekundu. Namuuliza kosa liko wapi ananijibu "hapo ni im Park, Kijerumani ndo kilivyo, zoea" (im ni in dem kwa kifupi). Nizoee?? Nimelipa hela yangu halafu naambiwa nizoee?

Nikakesha na daftari mpaka nikaelewa, na kilichoniuma zaidi ni kwamba jibu tunalo mdomoni kila siku. Swali ni je, huo mwendo unakufikisha mahali ambapo hukuwepo? Kiswahili kinalitenganisha hilo vizuri kabisa ila sisi tunalibebesha kitenzi! Watoto wanakimbia bustanini, im Park. Watoto wanakimbilia bustanini, yaani walikuwa nje wanaingia, hapo ndo in den Park. Paka anarukaruka mezani, auf dem Tisch. Paka karukia mezani, katokea chini, auf den Tisch. Mjerumani anageuza der iwe dem au den, sisi tunageuza kuruka kuwa kurukia, basi! Dakika kumi tu darasa zima lingeelewa, badala yake tunaelekezwa kwa Kiingereza, in na on na at, sisi ambao "mezani" yetu inabeba yote hayo. Mwenzangu mmoja kaandika "Ich sitze auf dem Tisch" akimaanisha amekaa mezani anakula, kumbe kasema amekalia meza yenyewe, ilitakiwa am Tisch (yaani an dem), na mpaka leo hajaelezwa kwa nini.

Legen na liegen, stellen na stehen, nazo tumepewa kama orodha ya kumeza tu. Jamani si ni laza na lala, simamisha na simama! Kitabu unakilaza auf den Tisch, kikishalala kiko auf dem Tisch. Mtoto wa darasa la tatu Kariakoo angeshika.

Halafu kanuni yao ya mwendo inakufa kabisa ukifika kwa zu. Ich gehe zum Arzt (zum ni zu dem), naenda kwa daktari, mwendo upo, mbona dativi? Kwa sababu zu haimo kwenye wale tisa, yenyewe inataka dativi siku zote, uende usiende. Hili nimelikuta mwenyewe kwenye kitabu, darasani halikutajwa hata siku moja.

Ticha kama unapita humu, sidai hela yangu irudi. Nadai somo lirudiwe kabla hatujaingia kwenye mtihani, na safari hii uanze kwa kuandika ubaoni kimbia na kimbilia.