Nina miaka 41 natafuta mtoto, hizi saplimenti za kuongeza mayai zinafanya kazi kweli?

NyaboWaMpakani:
Habarini jamani. Niko Busia upande wetu huu wa Uganda, nauza vitenge. Nina mtoto mmoja wa ndoa ya kwanza, yuko senior four, sasa niko na mume mwingine na tunataka wa kwetu, lakini mwezi unaingia mwezi unatoka hedhi inakuja tu. Kuna dada tunasali naye ameniletea makopo mpaka dukani: CoQ10, DHEA, maca (unga wa mzizi), na unga wa pinki ambao hauna hata jina la kiwanda. Anasema ni dozi ya miezi mitatu, mayai yanafufuka, laki sita na nusu na nikituma kwa mobile money leo ananipunguzia. Alafu mama mkwe naye ameleta mumbwa, ile dawa ya kienyeji ya majani na udongo, kutoka Masaka, niloweke ninywe asubuhi. Naweza kuchanganya? Nianze na gani? Umri msinikumbushe, naujua.

Mkunga_Jinja:
Pole nyabo. Niko zamu, naandika mbiombio. Hakuna kidonge kinachoongeza mayai. Mwanamke anazaliwa nayo yote, kama milioni moja au mbili, akivunja ungo yamebaki laki tatu au nne hivi, na kuanzia miaka 35 kwenda juu yanapungua kwa kasi na yaliyobaki mengi yanakosea kugawa kromosomu, ndo maana hata mimba kutoka zinaongezeka tukifika umri huo. CoQ10 watu wanaipendea kwa sababu inasaidia seli kutengeneza nguvu na yai linahitaji nguvu nyingi, wazo si baya, ila utafiti uliopo ni mdogo mdogo, mwingine wa panya, mwingine wa wanawake waliokuwa kwenye IVF (yai linarutubishwa maabara), na hakuna aliyethibitisha kwamba inaleta watoto zaidi. Kama hunywi warfarin, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, haitakudhuru sana isipokuwa mfukoni. DHEA hiyo ni homoni, sio vitamini!! Chunusi, ndevu kidevuni, na inavuruga homoni zingine. Wapo madaktari wanaowapa baadhi ya wagonjwa wa IVF wenye mayai machache, lakini wanawapima. Unga wa pinki mrudishie leo leo.

Yenye ushahidi ni folic acid, mikrogramu 400 kila siku, anza angalau mwezi kabla ya kushika mimba. Uti wa mgongo wa mtoto unafunga ndani ya siku kama 28 tangu mimba itunge, wewe hapo unaweza kuwa hata hujajua kama una mimba. Na ni bei ya soda.

Mama_Wanale:
Naunga mkono. Mimi niko Mbale, hapa hospitali ya CURE wamama wanaleta watoto wa mgongo wazi na kichwa maji kutoka kila kona ya nchi. Uliza tu kipimo, maana zile za health centre mara nyingi ni za miligramu 5, hizo wanapewa hasa wenye sukari, siko seli, wanaokunywa dawa za kifafa au aliyewahi kupata mtoto wa hivyo.

Shosti_Ntinda:
Mimi nilitumia CoQ10 nikapata mimba nikiwa na 39, mtoto anakimbia hapa saa hii. Msiwaharibie watu biashara bwana.

Mkunga_Jinja:
Hongera dada, Mungu amkuze. Lakini wapo wa 39 wanaoshika bila kunywa chochote, utajuaje ni kopo?

Kijana_Kawempe:
Mnaongea mayai mayai, mzee amepimwa?

NyaboWaMpakani:
Hataki. Anasema ana watoto wawili kwa mwanamke wa kwanza, kwa hiyo shida ni yangu.

Kijana_Kawempe:
Watoto wa zamani sio cheti nyabo. Karibu nusu ya kesi upande wa mwanaume una mkono ndani yake. Na hayo makopo yote anayameza nani? Wewe peke yako. Nkt.

Mkunga_Jinja:
Amesema kweli. Na wewe usikae miezi mitatu ukisubiri dozi iishe. Chini ya 35 tunawaambia mjaribu mwaka mzima, kuanzia 35 miezi sita, ukivuka 40 unaenda moja kwa moja. Hiyo laki sita na nusu ianzie kwenye vipimo: AMH (damu, inaonyesha akiba ya mayai) siku yoyote, FSH (homoni, nayo ya damu) siku ya pili au ya tatu ya hedhi, na HSG, ile picha ya eksirei ya mirija. Huku kwetu mirija iliyoziba kwa infekisheni za zamani ni shida kubwa sana, unaweza kuipata hata baada ya kuzaa salama, na mrija ulioziba haufunguliwi na maca. Nenda hospitali ya wanawake pale Mulago, uliza wanaoshughulika na ugumba. Mumbwa ya mama mkwe ipokee kwa magoti yote mawili uiweke kabatini, majani na udongo vimefinyangwa pamoja na hakuna anayejua kipimo. Chakula hapo Busia mnacho, mukene (dagaa), dodo (mchicha), maharage, kula.

NyaboWaMpakani:
Webale nyo. Folic nimenunua, makopo nimerudisha, yule dada amenuna ila Jumapili tutasalimiana tu. CoQ10 nimebaki nayo kwa sababu nilishafungua. Mzee nimemwambia wiki ijayo anisindikize Kampala kuchukua mzigo Kikuubo, tukishafika mjini Mulago si mbali, atajua huko huko 😂

Kijana_Kawempe:
Hahaha nyabo! Lakini mwambie mapema kidogo, kipimo cha mbegu kinataka akae siku 2 mpaka 7 bila kukutana na wewe. Asije akafika pale wakamwambia arudi siku nyingine, huyo humpati tena.

NyaboWaMpakani:
Weee. Basi kuanzia Jumatatu nalala kwa dada yangu Tororo.