Naombeni ushauri: hela ya filamu kwa jamii za asili, nitume fomu au nipotezee?

Mtunzi wa Mwenge: Wakuu habari za muda huu. Nina tamthilia ya vipindi sita, inahusu morani aliyeacha ng'ombe kwao akaja Dar, usiku analinda geti mchana anasuka rasta. Skripti iko tayari. Kuna mfuko wa nje unatoa hela kwa watengeneza filamu wa jamii za asili, na hairudishwi. Dirisha linafungwa Ijumaa, usingizi sina. Nitume au niache?

Kobazi: Sasa hapo unauliza makofi polisi? Tuma! Mfuko wa Utamaduni na Sanaa wa hapa nyumbani unatoa mkopo, na mkopo una marejesho. Shemeji yangu alikopa sehemu akanunua kamera, filamu mpaka leo hatujaiona, kamera inapiga sendofu Tabata.

Mama Wawili: Kibali cha Bodi ya Filamu unacho lakini? Sheria ipo tangu 1976, msije kukamatwa na vifaa vya kukodi.

Lemuta: Swali dogo. Wewe ni Mmasai?

Mtunzi wa Mwenge: Kwani lazima? Mbona watu wanaigiza wafalme na hawana ufalme.

Lemuta: Naomba jibu kaka.

Mtunzi wa Mwenge: Haya, mimi Mpare wa Same, ila nimekua na Wamasai na nimesoma nao. Fomu inataka mwongozaji awe wa jamii yenyewe kwa hiyo nimemwandika mlinzi wa getini kwetu, amekubali, nampa laki tatu. Kwenye seti nitaongoza mimi. Jina lake la kweli, Umasai wake wa kweli, uongo uko wapi hapo?

Kobazi: Uko kwenye laki tatu 😂

Mdau Perth: Huku Australia, Screen Australia, shirika la serikali la filamu, wana idara ya wenyeji, mizizi yake ni 1993, na hela inaenda kwa Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait wenye maamuzi kwenye filamu, sio wa kupamba bango. Kujiita mwenyeji peke yake haitoshi, wanaangalia asili yako, unavyojitambua na kama jamii yenyewe inakukubali. Warwick Thornton, mwongozaji Mwaborijini, ni mtoto wa Alice Springs, akapiga Samson & Delilah hukohuko kwao, 2009 tamasha la Cannes wakampa Caméra d'Or, tuzo ya filamu ya kwanza bora. Mimi mwenyewe naendesha teksi tu lakini hayo nayafuatilia sana.

Kobazi: Ila serikali yetu inasema Watanzania wote ni wenyeji. Mpare naye apewe!

Mama Wawili: Hiyo fomu haikuandikwa Dodoma baba, soma masharti.

Lemuta: Kipindi cha kwanza morani wako anakula nini?

Mtunzi wa Mwenge: Ugali dagaa, peke yake chumbani, usiku, sini kali sana ile.

Lemuta: Morani hali peke yake.

Mtunzi wa Mwenge: Yuko Dar huyo, mazingira yamebadilika.

Lemuta: Basi siku ya kwanza kushika tonge hana mwenzake ndiyo tamthilia yenyewe, na wewe umeipita kama sini ya kujaza muda. Mlinzi wako ameisoma hiyo skripti?

Mtunzi wa Mwenge: Nimemsimulia kwa kifupi.

Shombeshombe: Jamani hii chai. Mfuko hauna jina, mlinzi hana jina, na kila akibanwa ndio anatoa kipande kingine, yaani kama vipindi. Huyu anapima skripti yake kwetu bure.

Kobazi: Aisee! Basi na mimi niandikwe kwenye majina ya mwisho, mshauri wa dagaa.

Mtunzi wa Mwenge: Ingekuwa chai Lemuta angenifuata PM?

Lemuta: Nimekufuata nikuombe namba ya huyo mlinzi. Mpaka sasa hujanipa.