Mche wa kahawa ndani ya nyumba unakauka ncha za majani

mpenda_miche: Jamani nina mche wa kahawa sebuleni, una mwaka na nusu hivi, uko dirishani jua la mchana linaupiga moja kwa moja na sasa majani yanakauka ncha, yaani nauonea huruma sana. Na je ndani humu utazaa kweli?

kijani_tele: Usogeze kidogo, kahawa inataka mwanga mwingi ila sio jua kali, asili yake ni kuishi chini ya kivuli cha miti mikubwa. Ncha kukauka mara nyingi ni hewa kavu au chumvi ya mbolea imejaa kwenye udongo, mwagia maji mengi mpaka yatokee chini ya chungu, alafu mwaga yale ya kwenye sahani maana mizizi ikikaa majini inaoza.

mama_bustani: Kuzaa inazaa kama ni kahawa aina ya arabika, inajichavusha yenyewe, ila subiri miaka 3 au 4 toka mbegu. Aina ya robusta ndo inahitaji mwenzake wa kuichavusha. Saa hizi panda mnanaa pembeni, huo unachuma mapema.

mpenda_miche: Asanteni mno, ni arabika, nishausogeza.