Barua ya zimamoto inaomba hela, ni kweli au utapeli? (tuko kamji kadogo Pennsylvania)

MamaIman

Habari zenu wana jamvi. Naombeni msaada mliokaa Pennsylvania siku nyingi, hasa mlioko huku kwenye vimji vidogo, siyo Philadelphia wala Pittsburgh. Sisi tulihamia mwaka juzi tukanunua kanyumba kwenye kamji wenyewe wanaita boro, watu hatufiki elfu tatu, taa za kuongoza magari ziko sehemu mbili na moja wala haina kazi. Sasa wiki iliyopita nimepokea bahasha ya zimamoto wa hapa, ndani kuna barua, picha ya gari lao jekundu na kikaratasi cha kuchagua unatoa ngapi, dola 25, 50, 100 au jaza mwenyewe. Mume wangu kasema tupa huko huo ni utapeli, serikali gani inaomba hela ya kuzimia moto kwa barua? Kodi ya nyumba tunalipa, ya shule tunalipa, mshahara unakatwa kila kona.

Mimi roho inanisuta kidogo maana Disemba iliyopita niliunguza maharage, nimetoka shifti ya usiku nikabandika sufuria nikapitiwa na usingizi, alamu ikalia mpaka jirani akapiga 911. Walikuja watu kama tisa na magari matatu, mmoja chini ya lile koti lao zito kavaa suruali ya kulalia yenye picha za dubu naapa, na mwingine nikamtambua ni yule baba anayekata nyama pale dukani. Wakatoa sufuria nje, wakaweka feni kubwa mlangoni kufukuza moshi, wakaniuliza kama niko sawa, wakaondoka. Bili haijaja mpaka leo. Nikajua hawa ni waajiriwa tu wako kazini.

Halafu jana kwenye mlango wa ofisi ya boro nimeona tangazo la kikao, kuna kodi ya zimamoto itapigiwa kura pamoja na bajeti. Kwa hiyo tuchangishwe halafu na kodi juu? Mwenye kujua hii kitu inaendaje anisaidie jamani.

MtotoWaBungoma

Pole na maharage mama, lakini mzee ako sawa. Hata mimi nilipata hiyo barua nikaweka kwa taka. Kule Kenya zimamoto ni kazi ya kaunti, katiba ya 2010 ilisema hivyo, mambo yakienda mrama unajua ni gavana utapigia kelele. Hapa jimbo liko na kaunti 67 na ndani yake kuna maboro, mataunishipu, sijui na miji, hizi serikali ndogo ndogo zinapita 2,500 na kila moja iko na ofisi yake na trakta yake ya theluji, na bado jamaa wanasimama kwa jankshen wameshika buti la mpira eti weka pesa ndani. Na mimi kila wiki kwa payslipu nakatwa dola moja imeandikwa LST, yaani Local Services Tax, kodi ya huduma za mtaa, niliambiwa kazini hiyo ndiyo ya zimamoto. Sasa hii ya barua ni ya nini? Mtu asinipige mara mbili.

PapaNoella

Mama Iman usitupe hiyo barua. Mimi ni memba wa kampuni ya zimamoto huku katikati ya jimbo, nilitoka Bukavu, huu ni mwaka wangu wa nne, kwa hiyo naongea kitu ninachofanya.

Kwanza elewa hivi, wale waliokuja kwako hakuna aliyelipwa hata mmoja. Huku zaidi ya asilimia 90 ya makampuni ya zimamoto ni ya kujitolea. Na si idara ya serikali bana, ni chama cha watu, kina katiba yake, rais wake wa kuangalia pesa na chifu wake wa kuangalia moto, jengo ni lao mara nyingi na magari pia. Boro inapaswa kisheria kuhakikisha wakazi wana huduma, sheria ya 2008 ilisema hivyo na ikasema isaidie kifedha, lakini kiasi haikutaja. Kwa hiyo boro moja inatoa kitu cha maana, jirani yake inatoa mafuta ya gari na asante. Kinachobaki tunatafuta wenyewe: barua kama hiyo, bingo, samaki wa kukaanga Ijumaa za Kwaresima, kuku wa kuchoma wakati wa joto. Mimi mwenyewe nimewahi kugeuza nusu kuku mia mbili kwa siku moja, moshi nilioumeza siku ile unapita wa nyumba inayoungua.

Gari jipya la kusukuma maji sasa linakaribia dola milioni, lenye ngazi ndefu ndiyo usiulize. Koti na suruali, seti ya mtu mmoja ni maelfu ya dola na ikifika miaka 10 unaitoa hata kama haijachanika. Hizo pesa hazitoki kwa bingo pekee.

Na yule wa suruali ya dubu usimcheke haha. Peja inalia saa nane usiku, unasikia namba ya mtaa, unavaa viatu unatoka. Mimi siku ya kwanza nilifika garini na soksi ya mke wangu. Kazi nyingi wala si moto, ni ajali barabarani, mti umeangukia waya, alamu imelia bure, bezimenti imejaa maji, na ndiyo, vyakula vya watu vimeungua.

Kinachotuumiza ni mchana. Usiku tunafika kumi, saa nane mchana wote tuko kazini mbali, chifu anabaki na mzee mmoja na dereva mmoja, ndipo kaunti inaita vijiji vitatu vya jirani ili gari moja tu lijae watu. Ripoti ya kamati ya bunge la jimbo ya 2018 ilisema miaka ya 1970 watu wa kujitolea jimbo hili walikuwa kama 300,000, na kufikia ripoti hiyo walikuwa wamebaki 38,000 hivi. Vijana wameenda mjini, na mafunzo ya kuruhusiwa kuingia ndani ya nyumba inayoungua ni zaidi ya saa 150, nani ana wikiendi zote hizo?

Ya utapeli: anayepiga simu kuomba namba ya kadi mkatie. Hiyo barua chukua nenda nayo kituoni siku ya mazoezi, kwetu ni Jumatatu jioni, milango inakuwa wazi. Uliza kama ni yao.

MtotoWaBungoma

Sawa papa nimekusoma, sikujua kama hawalipwi kabisa. Lakini hujanijibu ya LST.

PapaNoella

LST mwisho wake ni dola 52 kwa mwaka, ndiyo maana ukilipwa kwa wiki unaona dola moja. Angalau robo yake sheria inataka iende kwa huduma za dharura. Sasa shida iko hapa ndugu yangu: inaenda kwa serikali ya mahali UNAPOFANYA KAZI, si unapolala. Unafanya kazi wapi?

MtotoWaBungoma

Wehausi, ghala la mizigo, kama dakika 40 kutoka kwangu. Taunishipu ingine kabisa.

PapaNoella

Basi umekuwa ukiwalipia hao wa taunishipu. Kamji kako ka kulala ambako hakana wehausi wala kiwanda hakapati hiyo dola. Kuna pesa nyingine pia, kodi ya asilimia 2 ya bima za moto za makampuni yaliyosajiliwa nje ya jimbo, inapitia boro inafika kwa chama cha kusaidiana cha wazimamoto, lakini hiyo ina masharti, unanunua vifaa vya usalama, mafunzo, bima ya watu ukiumia. Ukijaribu kulipia umeme wa kituo nayo mkaguzi wa jimbo anakuja juu yako.

BiZuhura_Tanga

Hamjambo. Mie sina la kusema kuhusu moto ila kikao cha boro nimeshakwenda, nikueleze dada ili usiingie umepaniki kama mimi. Nilivaa kama naenda harusini nikakuta chumba juu ya gereji ya magari ya theluji, viti vya kukunja, madiwani saba, katibu na kompyuta yake, meya kakaa pembeni. Meya huku si yule mnayemfikiria wa Dar, kazi yake kubwa ni polisi na kukata mzizi wa fitina kura zikifungana. Wenye maamuzi ni hao madiwani, na kila mmoja ana kazi yake nyingine ya mchana, mmoja ni dereva wa basi la shule.

Sasa sikia. Wakapitisha muhtasari, wakapitisha bili, halafu wakaingia kwenye sheria ya kufuga kuku uani. Dakika arobaini! Kuku wanne au sita, jogoo aruhusiwe au la, bibi mmoja kaja na picha za kinyesi kwenye ngazi yake. Ilipofika zamu ya zimamoto chifu akasimama na karatasi moja, akasoma wametoka mara ngapi mwezi ule, akasema gari la pili breki zimekataa kwenye ukaguzi, wakamshukuru, wakaendelea. Dakika tano hazikufika. Nilirudi nyumbani nimenuna, kuku wana watetezi kuliko sisi.

La muhimu kwako: huhitaji uraia kuongea. Ukiwa mkazi au mlipa kodi una haki ya kusema kabla hawajapiga kura, wengine wanakupa dakika tatu kwa hiyo andika pembeni. Ajenda lazima ibandikwe saa 24 kabla. Na bajeti lazima ikae wazi siku 10 watu waione kabla ya kupitishwa, na wanatakiwa wawe wameipitisha ifikapo 31 Desemba, ndiyo maana kila kitu kinarundikana sasa hivi. Nenda mchana ofisini mwambie katibu naomba kuona bajeti, atakupa, kwetu ni mama mpole kweli hata kahawa anakutengenezea. Uangalie mstari wa zimamoto una shilingi ngapi, samahani dola ngapi.

Kugombea udiwani ndiyo mpaka uwe raia. Ila saini ni 10 tu kuingia kwenye karatasi ya kura za mchujo, na mara nyingi viti havina hata wa kugombania. Kwetu kuna mtu aliingia kwa jina lake kuandikwa kwa mkono.

MamaIman

Asanteni sana wote, Mungu awabariki. Nimeenda kwa katibu leo. Kodi wanayotaka ni nusu mili, nikatumbua macho, akanichorea: mili moja ni dola 1 kwa kila dola 1,000 za thamani ya nyumba kwenye vitabu vya kaunti, siyo bei tuliyonunulia. Yetu vitabuni ni 84,000, kwa hiyo ni dola 42 kwa mwaka. Mume wangu kapiga hesabu mara mbili kwenye simu kanyamaza.

Swali moja papa Noella, ikipita hii kodi barua zitaacha kuja?

PapaNoella

Hapana mama nisikudanganye. Zitakuja. Kwetu kodi ilipita na bado nageuza kuku.

MtotoWaBungoma

Hahaha at least wewe ni mkweli. Mama 42 ni chini ya internet ya mwezi mmoja. Mimi bado nataka kuona hesabu zao kabla nitoe kitu, lakini ile barua nimeitoa kwa taka, iko na mafuta ya chapati kidogo.

MamaIman

Mrejesho kama kuna mtu bado yupo. Jumatatu tulipita kituoni mimi na mume wangu na barua yetu. Ni yao kweli. Mkata nyama alikuwepo anaosha gari, akanikumbuka akauliza maharage yanaendeleaje, nilitamani ardhi ipasuke. Tukawapa cheki ya 50 wakatuandikia risiti. Katika kuongea chifu akamuuliza mume wangu anafanya kazi gani, akasema dereva wa truki usiku, mchana yuko nyumbani. Jamani yule chifu alivyomwangalia! Akaita wenzake wawili waje wasikie. Wakamuuliza leseni ya magari makubwa anayo, anayo. Uraia? Bado. Wakasema katiba yao haina shida na hilo, watamwangalia rekodi tu.

Yeye anasema atafikiria, saa zile ndizo za kulala. Lakini kabla hatujatoka nimemkuta kwenye rafu ya makoti anatafuta saizi yake. Kikao ni Jumanne saa moja jioni, nimeshaandika dakika zangu tatu. Na Bi Zuhura, hata kwetu kuku wamo kwenye ajenda.